Viatu Nilivyovifundisha Kazi

Enzi zetu kiatu tulizaliwa nacho. Nyayo zetu zilikuwa ngumu hata mwiba ulifikiri mara mbili, na mtoto aliyechechemea kwa changarawe za barabara ya Kaplong alichekwa mpaka ajifunze kukimbia juu yake. Mimi nilijisifu kuliko wote. Nilikanyaga visiki vya majani chai yaliyopogolewa kusudi wenzangu waone, kana kwamba nitalipwa.

Kisha senge, dada yake baba, akachumbiwa. Harusi ilikuwa ya kanisani, na mimi nikateuliwa kumtangulia nikiwa nimeshika maua. Baba akaninunulia mjini Sotik viatu vyeusi vya ngozi, vikubwa kwa makusudi ili nikue ndani yake. Mama akajaza matambara mbele, akanionya nisiviguse mpaka siku yenyewe.

Lakini nilikuwa na akili zangu. Baba alizoea kusema, "Ng'ombe ya plau haifundishwi siku ya kulima." Nikaona ni vivyo hivyo kwa viatu. Basi kila mchana, wazazi wakiwa shambani, nilivivaa bila soksi nikavipeleka kisimani, nikavipandisha mlima na kuvishusha, nikivikemea kama maksai wakaidi. Vikapiga kelele, vikanisugua, nami nikafurahi kwamba vinashika adabu.

Kumbe aliyekuwa akifundishwa ni mimi. Sugu ikaota kwenye kidole cha mwisho na nyingine kisiginoni, zikauma hata nikikanyaga nyasi. Mguu uliodharau visiki ukashindwa na ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kufa! Nikanyamaza, kwa sababu binamu yangu Chebet alikuwa na miguu mizuri na macho yake yalikuwa kwenye yale maua. Nikachukua wembe wa baba nikaichonga ile sugu ya kidole. Mayowe yangu yalimtoa mama katikati ya shamba la wimbi.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, maneno aliyoyaokota kwa mwalimu wetu na kuyapenda mno. Alisafisha kidonda, akakifunga kitambaa, akakiacha kipone. Kile kisigino akakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka sugu ikalainika, akaisugua taratibu kwa jiwe la mtoni, akapaka mafuta ya ng'ombe. Akafanya hivyo kila jioni, kidogo kidogo. "Sugu ni ya kubembeleza," aliniambia. "Na kama kiatu inakufinya, toa kiatu, usikate mguu."

Asubuhi ya harusi kisigino kilikuwa kimetulia, ila kidole kilikataa kiatu katakata. Chebet alikwisha kuoga. Nililia kwa sauti, bila haya, mbele ya wageni. Senge akatokea na shela lake, akanitazama chini, akatazama juu.

"Kwani maua inashikwa na mguu?" akauliza.

Nikaingia kanisani miguu mitupu, nimepakwa mafuta mpaka magotini, kitambaa kidoleni, nikitembea kwa maringo ya mtu aliyepanga iwe hivyo.

Siku hizi wajukuu wangu wana raba za kukimbilia na raba za kukaa, na kutoka kitandani hadi jikoni ni lazima ndara. Mwaka jana mmoja alinipeleka saluni pale Bomet, nikalipiwa kuketi huku msichana akilowesha miguu yangu na kusugua sugu. Maji ya uvuguvugu, kisha kitu cha kukwaruza, kisha mafuta. "Unasikia poa, gogo?" akaniuliza, akiniita nyanya kwa lugha yetu.

Nilikuwa nimemkumbuka mama ameinama juu ya mguu wangu, na visigino vyake mwenyewe nyuma yake, vimepasuka kama tope la kiangazi. Alikwenda navyo hivyo harusini. Alikwenda navyo hivyo kaburini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumchemshia maji.