Pengo Kwenye Ubao wa Spana

Pale sokoni Kalerwe kulikuwa na mama muuza nyanya ambaye kila nikipita jioni ananiuliza kama anayemheshimu bwana mkubwa, "Ssebo, leo mmemaliza ndege ngapi?" Wenzake wanacheka. Kosa lilikuwa langu. Siku nilipopata kazi nilimwambia nimeandikwa na kampuni kubwa ya kuunda ndege, na sikudanganya, ila ndege zilikuwa zinaundwa huko kwao Ulaya. Hapa Kampala kampuni ilikuwa na karakana moja tu kwenye eneo la viwanda, bati juu, saruji chini, ambapo pampu za ndege za serikali zililetwa kwa lori zitengenezwe. Mimi nilifagia, nilipika chai na kutunza funguo za stoo. Ndege yenyewe nilikuwa naiona juu angani kama wewe.

Kazi niliipata kwa ajili ya Kiswahili. Darasa la tatu ndio mwisho wangu, lakini baba alikuwa polisi, nikakulia kambini, na miaka ile ya utawala wa jeshi mtu wa Kiswahili alihitajika getini, maana wanajeshi waliokuja pale hawakuja kuzungumza lugha nyingine. Mama yangu alikuwa Mkristo, baba Mwislamu, tukala sikukuu zote. Lakini hayo tuyaache, nilitaka kusema habari za ubao.

Ukutani kulikuwa na ubao mkubwa mweupe, na kila spana imechorwa umbo lake kwa rangi nyeusi. Ukichukua spana, unatundika pale kipande chako cha shaba chenye namba. Saa kumi na moja fundi mkuu, mzungu mrefu kama nguzo ya simu, anasimama mbele ya ubao. Pengo likiwapo, hakuna anayetoka. Alituambia spana iliyosahaulika ndani ya mashine inaweza kuangusha ndege na watu wake wote. Sheria hiyo aliileta yeye.

Ijumaa moja pengo likawapo. Tena halikuwa na kipande cha mtu yeyote.

Tulitafuta chini ya meza, ndani ya mapipa, mpaka kwenye birika la chai. Zile pampu zilikuwa za ndege za jeshi, kwa hiyo simu ilipigwa, akaja mtu mmoja wa usalama. Alivaa viatu vya soli nene kama tofali, na alikuwa mpole. Huo upole ndio uliotutisha. Akatuita mmoja mmoja stoo.

"Mzee," akaniambia, nami sikuwa na mvi hata moja, "nani alikuwa karibu na ubao?"

Nitasema ukweli, maana wa kumwogopa sasa hayupo. Nilimtaja rafiki yangu. Alikuwa fundi kutoka kaskazini, tulikula naye muhogo kwenye sahani moja kila mchana, na watu wa kwao wakati ule walikuwa wanachukuliwa hata bila sababu. Nilisema, "Yeye ndiye aliyekuwa karibu." Meza yake ilikuwa upande ule mwingine kabisa. Nilisema tu ili macho ya yule mtu yaondoke kwangu.

Yule mtu akatoka, akasema mbele yetu sote, "Jumatatu asubuhi nataka spana. Kama hakuna spana, nataka mtu." Akamtazama rafiki yangu. Gari lake lilikuwa nje, na kila mtu Kampala alijua buti za nyuma za magari yale zilibeba nini.

Getini tulipekuliwa mpaka soksi. Mimi nilikuwa na furushi la ovaroli, kwa sababu kila Ijumaa nilizipeleka nyumbani Kawempe mke wangu azifue. Zilinuka grisi na mafuta ya taa. Yule mtu alilisukuma furushi kwa ncha ya kiatu, akakunja pua, akasema, "Pita."

Jumamosi mke wangu akaniita kwenye beseni. "Baba watoto, hii nguo ina mfupa."

Spana. Ilikuwa kwenye ule mfuko mrefu wa pajani, na ovaroli ilikuwa na miguu mirefu kuliko mlango wetu. Ya fundi mkuu. Spana aliichukua kama mkubwa anavyochukua, bila kutundika kipande, akasahau. Au hakusahau? Nilianza kumshuku. Halafu nikamshuku rafiki yangu, labda aliitumbukiza yeye. Nikamshuku hata jirani aliyekuwa anaanika nguo zake, mbona leo anaanika polepole hivyo?

"Naenda kuitupa mtaroni," nikasema.

"Na mwenzako wa muhogo?"

Habari za Jumatatu nilikuwa nimemsimulia. Ila sikuwa nimemwambia niliyoyasema stoo.

"Mimi ni mfuaji," akasema. "Nguo ilikuja na kitu chake, nguo itarudi na kitu chake." Akaipiga pasi ya makaa, akaikunja, akairudisha spana kwenye mfuko uleule.

Jumatatu yule mtu alikuwa amefika kabla yetu, amekaa kwenye kiti changu. Getini furushi langu halikufunguliwa, kwa sababu siku zote wanapekua wanaotoka. Rafiki yangu alikuja na mashati mawili, moja juu ya jingine. Mtu aliyejua atachukuliwa alivaa hivyo, kwa ajili ya baridi ya huko.

Nikagawa ovaroli, fundi mkuu akavaa yake. Mkono ukashuka mpaka pajani, ukasimama. Akanitazama. Akamtazama yule wa soli. Nikawaza, huyu sasa atasema ni mimi niliyeiweka, na nani atambishia?

Akatugeuzia mgongo, akainama chini ya meza, akainuka nayo mkononi. "Ilikuwa hapa chini," akasema kwa Kiswahili chake kibovu. Chini ya meza ile tulikuwa tumepatafuta wote, kwa magoti.

Yule mtu akaichukua, akaipeleka puani. Akainusa tena.

"Spana zenu zinaoga?"

Ilinuka sabuni ya mche. Mimi nilitazama kiatu chake, ile ncha iliyopitisha furushi langu, na nadhani naye alikuwa anaikumbuka.

"Tunaziosha kila Ijumaa," fundi mkuu akasema. "Usafi."

Yule mtu wa usalama akaenda akaitundika ubaoni mwenyewe, akalinyoosha pindo la suruali yake, akaondoka.

Basi uongo ule ukawa sheria. Tangu siku hiyo kila Ijumaa spana zote zilioshwa kwa sabuni ya mche, asije mtu akanusa akakosa sabuni, mpaka kampuni ilipofunga mlango na wazungu wakaenda zao. Walioshika beseni ni mimi na rafiki yangu. Muhogo tuliendelea kula, lakini kila mtu akaanza kuja na sahani yake.

Ijumaa moja, mikono yetu ikiwa ndani ya povu, akasema bila kuniangalia, "Meza yangu iko mbali na ubao."

"Iko mbali," nikasema.

Akanipa spana nyingine nisuuze.