Tezi za Mama

Mama amekaanga samaki Kunduchi tangu sijaanza shule. Mie nafundisha baiolojia sekondari, huko Goba. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo: nilikuwa nachora tezi za mwili ubaoni, wanafunzi wananakili, na mama yangu mzazi ana tezi zimevimba shingoni, sina habari.

Alizificha kwa mtandio. Jumamosi moja nilimkuta anaosha masufuria, mtandio umemteleza. Chini ya taya palikuwa na vivimbe vitatu vilivyoshikana, kimoja ukubwa wa ndimu, na juu yake makovu mabichi ya wembe.

"Shikamoo mama. Nini hiki?"

"Marahaba. Mtoki tu huo. Natumia dawa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo."

Na Idi ya kuchinja ilikuwa imeshapita. Gauni lilimpwaya mabegani. Nikabonyeza vile vivimbe, hakushtuka, havikumuuma. Nikamwambia anionyeshe hiyo dawa.

Nikaenda duka la dawa alikokuwa akinunua vidonge. Muuzaji alimkumbuka. Alishampa dozi tatu, zote vidonge vilevile vya rangi mbili.

"Ulimshika shingo?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Ulimuuliza kama anapungua? Kama ana homa?"

"Sista, mtu kaja kaomba dawa ya mtoki, nimempa dawa ya mtoki. Ishu iko wapi?"

Nilimpigia kelele mpaka watu wakasimama nje. Sijutii.

Zile chale zilikuwa kazi ya mama mdogo. Alimleta mtu amchanje, akisema dada yake katupiwa kitu. Nilipomuuliza kwa nini hawakwenda hospitali, akainamisha kichwa. "Mama yako hataki kupima. Jirani yake kasambaza kwamba ana ngoma. Wateja wamehama." Kumbe mama alikuwa akirudi na samaki wake nyumbani, miezi yote ile, kwa maneno ya mwanamke aliyekuwa akija kwake kuomba chumvi.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilimpeleka hospitali, nusu kwa kumbembeleza, nusu kwa kumfokea. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alimpapasa shingo, makwapa na kinena bila haraka.

"Mama, tezi ikivimba ujue inapambana na kitu," alisema. "Jino bovu, koo, kidonda kichwani, vyote vinaweza kuivimbisha. Mara nyingi hiyo inauma, na ndani ya wiki chache inanywea. Lakini isiyouma, inayokua, na mtu anakonda na kulowa jasho usiku, hiyo hatuisubiri. Inaweza kuwa TB, inaweza kuwa virusi vya Ukimwi, inaweza kuwa saratani. Kwa macho siwezi kujua. Lazima tupime."

Walichukua damu, wakampiga picha ya kifua, wakamchoma sindano kwenye tezi na kunyonya majimaji. Majibu yalipokuja ilikuwa TB ya tezi. Kifua kilikuwa safi, na virusi hakuwa navyo.

Nilitaka kukimbia mtaani nikamtangazie jirani yule kwamba mama hana ngoma. Nilishafika geti la hospitali nilipoona aibu. Kwani angekuwa na virusi, samaki wake wangekuwa na sumu? Na mie nilikuwa nawaza kama wao. Hasira ikanigeukia.

Alimeza dawa miezi sita. Mwezi wa pili tezi moja ilipasuka ikatoa usaha, akalia, akasema dawa zinamuua. Nikamrudisha kwa daktari, akatuambia hutokea, asiache. Hakuacha. Mwili ukarudi, shingo ikabaki na kovu, naye akawasha jiko lake.

Siku ya kwanza nilikuwa pale nikimsaidia kuparua magamba. Jirani yule akaja, sahani mkononi, anatabasamu. "Mama, tulikukosa jamani." Nilisubiri mama amtimue. Akamchagulia changu mnono, akamkamulia na ndimu.

"Mama, huyu?" nilimuuliza alipoondoka.

"Huyu nini? Geuza samaki, wanaungua."

Niligeuza. Nilimbwaga wa kwanza kwa nguvu mpaka mafuta yakanirukia. Yeye amesamehe. Mie bado.