Dawa Iliyoshinda Darasani

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Remera, na aibu yangu ilianzia kwenye mfuko mmoja wa koti. Humo naweka vipande vya chaki pamoja na vidonge vyangu vya kiungulia, vyenye harufu ya mnanaa.

Wiki iliyopita, mbele ya mkaguzi wa shule, wanafunzi walishindanisha dawa nne, waone ipi inapunguza asidi zaidi. Yangu, niliyoichomoa mfukoni na kuisaga mwenyewe, iliziacha zote mbali. Nikahubiri kuhusu kununua dawa bora.

“Nipe na mimi kimoja, Mwalimu,” mkaguzi akasema. “Nyama za brosheti nilizokula jana zinanichoma.”

Akatafuna polepole. “Haina utamu. Hii ndiyo dawa.”

Nikageuka kuandika matokeo ubaoni. Chaki ikagoma. Nikaikandamiza, ikavunjika, ikanukia mnanaa.

Nyuma yangu, mkaguzi akaacha kutafuna.