Ukuta wa ruzuku: Fundi aliyeuruka mstari wa mama yake mdogo

Saa moja asubuhi, Fundi Maandishi amesimama mbele ya ukuta mweupe wa ghala la pembejeo, brashi mkononi, kopo la rangi nyeusi limefungwa kiunoni kwa kamba. Nyuma yake kuna umati ambao leo hauna habari na shamba.

“Sogea kidogo, fundi, unatukinga,” anasema mama mmoja.

Fundi anasogea. Watu wana hamu kweli kweli, na ukweli usemwe, hata mwandishi wa habari hii hatulii.

Kinachoandikwa ni orodha ya wakulima 214 waliolipwa ruzuku ya mbolea msimu uliopita: jina, ekari na kiasi. Miaka nenda rudi orodha hiyo ililala kabatini. Mwaka huu ikaamriwa ibandikwe hadharani. Ikabandikwa, ikachanwa usiku huohuo. Ikabandikwa tena, ikachanwa tena.

“Nikasema haya, tuone nani ataweza kuuchana ukuta,” anasema ofisa kilimo, mwanamke mwembamba asiyejua kuficha furaha.

Ndipo akaitwa fundi huyu mwenye miaka 46, ambaye nusu ya umri wake ameandika majina ya maduka, vinyozi na shule. Analipwa sh500 kwa mstari, yaani laki moja na elfu saba kwa ukuta mzima.

“Mwenye jina refu ananionea,” anatania. “Bei ni ileile.”

Jana jioni, alipofika mstari wa 137, alisimamisha brashi. Jina lilikuwa la mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Ekari mbili, sh120,000, amelipwa.

“Niliisoma karatasi mara mbili,” anakumbuka. “Mama mdogo aliuza mbuzi wawili apate mbolea. Mnadani nilimpeleka mwenyewe. Sasa karatasi inasema kapokea. Nikawaza, nikiandika hivi, watu si watasema kumbe alikuwa anatulilia shida bure?”

Akauruka mstari, akampigia simu. Jibu lilikuja hapo hapo: “Andika, mwanangu. Tena uandike wasome mpaka walio barabarani.”

Kwa hiyo leo fundi ameanza na mstari huo, na mwenye jina amekuja kujionea. Ni mjane wa miaka 68, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng’ambo ya bonde. Hasomi haraka, basi anafuata herufi kwa kidole, moja moja, mpaka mwisho. Rangi ni mbichi. Kidole kinatoka cheusi na alama yake inabaki ukutani.

“Futa, futa upesi,” anamwambia fundi. “Wasije wakasema nimetia dole gumba kwamba nimepokea.”

Umati unaangua kicheko. Fundi anafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, machozi yakimlengalenga, na mwenyewe anakiri hajui kama ni ya kucheka.

Kufikia saa tano, watu wengine tisa wamepanga foleni kwenye meza ya ofisa kilimo, kila mmoja na mstari wake. Malalamiko yanapokelewa kwa siku 14. Namba ya simu iliyoingiziwa fedha za mama mdogo si yake, na mwenye namba ameitwa kwenye kikao cha Ijumaa, hapa hapa mbele ya ukuta.

“Mimi sina ugomvi na mtu,” anasema mama mdogo. “Nataka changu kabla ya mvua, safari hii mbuzi wabaki zizini.”

Mwishoni mwa mstari wa 137, fundi ameacha nafasi ya upana wa kiganja. Amenunua pia kopo dogo la rangi ya kijani, kwa fedha zake, na bado hajalifungua.

“Siku akipokea kweli, nitamfungulia hili achovye dole gumba,” anasema. “Na hilo silifuti.”