Ami Alipokuja Kumchukua Bakari

Mwaka wenyewe siujui kwa tarakimu, maana shule niliishia darasa la pili. Ulikuwa mwaka wa unga wa manjano. Mchele ulikuwa haukamatiki, na sisi watu wa Likoni, tuliozoea wali na samaki, tukashikishwa sima ya rangi ya kiini cha yai, inayonuka gunia. Mpaka leo nikipita penye gunia jipya, pua hunirudisha uani kwetu. Bendera ilikuwa bado ya Mwingereza, na wanaume barazani hawakuwa na jingine ila uhuru. Mamangu alitia tui zito kwenye mchicha ili ile sima ipate kushuka kooni, na baba alicheka akasema tunakula dhahabu. Kisha homa ikamshika baba. Unga haujesha, tukamzika.

Mamangu akakaa eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajitii manukato wala wanja, wala mwanamume anayeweza kumuoa haingii alipo. Matanga yalipoanuliwa, ami yetu, mdogo wake baba, mtu wa Kisauni mwenye shamba la minazi na ndevu za kutosha watu wawili, alisimama sebuleni akatusomesha: "Mwanamume asiye maharimu asivuke kizingiti cha chumba hiki. Hata mimi. Hasa mimi."

Tukasema inshallah.

Arubaini ilipopita akarudi, na kofia mpya ya kiua, ya kitoto, mkononi. Hakuja kwa ajili yangu. Alimtaka nduguyangu Bakari, mtoto wa miaka saba, aliyekuwa akisukuma rimu ya baiskeli uani. Ami alikuwa na mabinti watupu. "Mtoto wa kiume ni wa ukoo," alisema. "Akilelewa na wanawake atakuwa laini kama mkate wa boflo."

Mjukuu wangu hunisomea hadithi za wavulana waliofiwa na baba, wakapelekwa kwa jamaa, wakapigwa, wakalala njaa, mwishowe wakawa wanaume. Namwambia sawa, lakini nduguyangu alikua akawa mwanamume bila kupelekwa popote, na hakuna aliyemwona laini.

Basi sikia. Kutoka ndani mamangu aliita mara moja, "Bakari!" Mtoto akaingia, pazia likashuka nyuma yake. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, nakuna nazi mlangoni mwa chumba. Niliona ami anakuja kwa hatua za mtu anayekuja kuchukua chake. Sijui nani alinifundisha. Nikaiburura mbuzi ya kukunia mpaka katikati ya kizingiti, nikaikalia, yale meno ya chuma yakamwelekea yeye, nikaendelea kukuna.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Pisha."

"Nakuna nazi, ami."

"Nasema pisha! We kijitoto cha kike, ulimi huo umepewa na nani?"

"Abee, ami. Nimezaliwa nao."

Akapaza sauti juu ya kichwa changu. "Shemeji! Mtoe mtoto twende zetu, feri hainingoji."

Sauti ya mamangu ilitoka nyuma ya pazia, taratibu, kama anayekaribisha mgeni chai. "Ami yao, mimi niko edani. Ikiwa dini yakuruhusu kuingia, pazia ni hilo."

Wallahi, nilimwona mtu mzima akitazama kizingiti kama anayetazama kisima. Mguu ulinyanyuka, mguu ukarudi. Akajaribu njia nyingine, akamwita Bakari kwa sauti tamu, akamwahidi baiskeli. Na yule msaliti mdogo akaitika kutoka mvunguni mwa kitanda: "Ya kweli, ami? Ina kengele?" Nikasikia kofi. Baiskeli ikaisha.

Ami akaniinamia. "Mwambie mamako, mtoto haendi jela. Anakwenda kwao."

Hapo nikaacha kukuna. Nilisema neno ambalo sikuwa nimelipanga, na nililisema kwa kelele mpaka majirani wakatoka: "Bakari haendi. Leo haendi, kesho haendi, na ukija tena ujue haendi!"

Ami alijikung'uta kanzu. Hakunipiga. "Eda ina mwisho," akasema, akaondoka na kofia yake.

Nikaishi na maneno hayo. Kila mtu aliyekuja kutuangalia alisema vivyo hivyo: mjane atarudi kwa wazee wake, mtoto wa kiume atakwenda kwa ukoo, ndivyo ilivyo. Mamangu alinyamaza. Nilimkasirikia kwa kunyamaza kule. Nilidhani amejificha nyuma ya pazia, ameniachia mimi mlango.

Nilipokuja kukaa eda yangu mwenyewe, mtu mzima na meno yamepungua, ndipo nilipomjua. Kile chumba ndicho mahali pekee alipowahi kupewa pasipofika amri ya mtu. Humo alimlilia mumewe, na humo alikuwa akijikusanya. Na ami nilimjua pia. Bakari alikuwa na uso wa baba mtupu, na yule mtu alikuwa amefiwa na nduguye. Namhurumia. Lakini huruma haimpi mtu mtoto.

Siku ya kutoka eda mamangu alioga, akafukiza udi, akajifunga leso mpya. Ami alikuwa amekwisha kuja na wazee wawili wa ukoo, wameketi barazani, na ile kofia iko gotini pake. Bakari nimemshika mkono. Mamangu akatoka mpaka nje, kwenye jua, akatoa salamu, akaitikiwa. Hakungoja kuulizwa. Akamtazama ami usoni, na maneno hakuyatafuta mbali, aliyachukua kwangu kama yalivyo:

"Bakari haendi. Leo haendi, kesho haendi, na ukija tena ujue haendi!"