Mkaguzi Niliyempeleka Matutani

Nawasimulia mwenyewe, kwa kuwa nusu ya Sumbawanga inajua tayari. Nilikuwa mwalimu mpya wa Kiingereza, na kuthibitishwa kwangu kazini kulitegemea somo moja mbele ya mkaguzi. Wiki nzima nilikosa usingizi nikijiuliza kwa nini "want" inadai "to swim" na "enjoy" inadai "swimming".

Asubuhi hiyo mkuu wa shule alisema watakuja wageni wawili: mkaguzi, na mzee kutoka Kaoze wa kutuonyesha jinsi Wafipa wanavyolima matuta, kwenye shamba la shule.

Wa kwanza kufika alikuwa na tope hadi magotini.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia, wala sikumwacha aseme. "Majembe yako nyuma ya jengo. Anza tu, wanafunzi watakukuta."

Alitabasamu, akaenda.

Wa pili alivaa suti na tai. Nikamkalisha nyuma ya darasa, nikafundisha. Kila alipokunja uso, nilifuta ubao nikaandika mfano mwingine.

Kengele ilipolia nikamwendea. "Umelionaje somo, mzee?"

"Mwanangu, Kiingereza sikijui. Nimekuja kwa ajili ya matuta. Hii suti ni ya kanisani. Shuleni mtu utaendaje na matambara?"

Dirishani alisimama yule wa kwanza, jembe begani.

"Mwalimu, gari langu lilikwama njiani, nikaja kwa miguu. Matuta mawili nimemaliza. Sasa naruhusiwa kukagua somo?"