Mbwa wa Kwenye Omena

Walisema sitaweza, na leo nimerudi Kombewa na diploma ya afya ya mifugo. Hata hivyo, nikichemsha mwarobaini, harufu yake hunirudisha ufuoni mwa ziwa, kwa akina mama walioanika omena, wale dagaa wadogo, na kwa mbwa wetu mwenye upele na uvimbe kama gololi mgongoni.

"Akijikuna tena karibu na omena zetu, tunamfukuza," alisema mama mmoja.

Nikaazima kwao beseni na sabuni.

"Haya, Daktari," wakacheka.

Nilimwosha kwa mwarobaini kila asubuhi, nikaukanda uvimbe bila kuubinya, mpaka ukapasuka wenyewe na manyoya yakaota.

Siku korongo waliposhukia omena zilizoanikwa, yeye ndiye aliyewatimua wote. Niliporudisha beseni, mama yule alikataa kulipokea.

"Baki nalo, Daktari. Mbwa wako ameshatulipa sote."